Unataka kuwa OT hapa Uganda? Masomo, leseni na kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Matokeo ya S6, yaani kidato cha sita, yakishatoka, vijana wetu wanaoongea Kiswahili huku, wa kambi za wakimbizi za Nakivale na Kyaka, wa Kasese, wa Bombo, hata wale wa Busia mpakani, wanaanza kuuliza: nimesoma sayansi, pointi za udaktari hazikufika, unesi moyo hautaki, sasa niende wapi? Mimi nawaambia kuna OT, occupational therapy, yaani tiba ya shughuli, na anayeifanya naye tunamwita OT, na wengi hiyo ndo mara ya kwanza wanaisikia. Naandika yote hapa kwa mpangilio, anayetaka asome polepole na amtumie na mwenzake.

Kabla hujajaza fomu yoyote, elewa kwanza kazi ni nini

Mtu amepata stroki, mkono na mguu wa upande mmoja umelala. Daktari ametibu presha, fiziotherapia anafanya naye kazi ya kusimama na kutembea. OT anakuja na maswali yake: mama, asubuhi ukiamka unaanza na nini? Nani anakuvalisha? Choo kiko mbali na nyumba? Ulikuwa unauza nini sokoni? Halafu anatafuta njia ya kumrudisha kwenye hayo hayo, kuoga, kuvaa, kula, kupika, kuuza, kuswali, kubeba mjukuu. Pale ambapo mkono hautarudi kama zamani anabadilisha njia au anabadilisha kifaa au anabadilisha nyumba yenyewe. Hiyo ndo OT. Ukiona mtu anafanya mazoezi ya mkono tu mwezi mzima na hajawahi kumuuliza mgonjwa siku yake inaendaje, huyo ameacha kazi katikati, na nasema hivi nikiwa na uchungu kidogo maana wagonjwa wetu wanapoteza muda na nauli.

Usichanganye na wengine. Ofisa wa mifupa anafunga plasta na kunyoosha miguu ya watoto waliozaliwa imepinda, fundi wa mifupa anatengeneza miguu ya bandia kwenye karakana, mtaalamu wa matamshi anashughulika na kuongea na kumeza. Mtakuwa wodi moja, mtapishana mlangoni kila siku, na mara nyingi mgonjwa ni wenu wote.

Hatua ya kwanza: masomo ya sekondari

Njia ya kawaida ni kumaliza S6 na sayansi, Bayolojia ikiwa ya kwanza, pamoja na Kemia au Fizikia, na cheti cha S4 chenye kredit nzuri kwenye Kiingereza, Hesabu na sayansi. Kila mwaka chuo kinatoa tangazo lake lenye masharti kamili, kwa hiyo lile tangazo la mwaka unaoomba ndo usome, usimtegemee binamu aliyeomba zamani.

Kama ulisoma Congo, Kenya au Tanzania, cheti chako cha sekondari lazima kilinganishwe na UNEB, baraza la mitihani la Uganda, kabla chuo hakijakuangalia. Hapa ndo vijana wengi wa kambini wanakwama, anasubiri mpaka tangazo limetoka ndo anaanza kutafuta matokeo yake ya Bukavu au Goma, anatafuta mtu wa kuyatafsiri kutoka Kifaransa, siku ya mwisho inapita yeye bado yuko kwenye foleni. Anza mapema, hata kabla hujaamua chuo. Na kwa mkimbizi: sheria ya wakimbizi ya 2006 inakupa haki ya kufanya kazi Uganda, usimruhusu mtu akuambie kusoma hakuna faida kwa sababu una kadi ya ukimbizi.

Hatua ya pili: chuo

Diploma ya OT inasomwa Mulago, kwenye chuo cha afya shirikishi ambacho watu wazima bado wanakiita Mulago Paramedical. Ni miaka 3. Ukiwa karibu na mpaka au una ndugu upande wa pili, Kenya wanafundisha KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, Tanzania kuna chuo cha KCMC pale Moshi, wote wana majina yanayoheshimika, ila ukirudi Uganda itabidi upitie baraza la huku linalosajili wataalamu kama nitakavyoeleza.

Utasoma mwili wa binadamu, viungo, mishipa ya fahamu, magonjwa ya akili, saikolojia, ukuaji wa mtoto, mifupa, kutengeneza splinti, yaani vifaa vya kushikilia kiungo kwenye mkao unaotakiwa, na kazi za mikono. Watu wanadharau hizo kazi za mikono, wanaona kama mchezo, kumbe ukitoka unaenda kukaa na fundi cherehani aliyekatika vidole na lazima ujue cherehani inataka nini kutoka kwenye mkono. Jifunze kwa makini.

Praktiko ndo roho ya kozi. Shirikisho la dunia la OT, WFOT, lililoanzishwa 1952, linataka mwanafunzi afikishe angalau masaa 1000 ya kufanya kazi na wagonjwa chini ya msimamizi kabla hajamaliza. Usiyapunje hayo masaa. Omba upelekwe sehemu tofauti: Butabika kwa magonjwa ya akili, CoRSU kule Kisubi kwa watoto na upasuaji wa mifupa, Katalemwa kwa watoto wenye ulemavu, na hospitali moja ya rufaa ya mkoa ambapo utaona kila kitu kikija mlangoni bila kupangwa. Anayekaa sehemu moja tu anatoka anajua ugonjwa mmoja tu.

Kabla ya kulipa ada chuo chochote cha binafsi kinachotangaza OT, waulize baraza kama kozi hiyo inatambuliwa. Waulize wenyewe, usitosheke na karatasi iliyobandikwa ukutani pale ofisini. Vijana wamelipa, wamesoma, wamevaa joho, halafu wakaambiwa hawawezi kusajiliwa. Inauma sana kuona mzazi aliyeuza ng'ombe akipokea habari hiyo.

Hatua ya tatu: usajili na leseni

Uganda OT yuko chini ya Allied Health Professionals Council, ndo lile baraza nililolitaja, lililoundwa na sheria ya 1996. Ukimaliza mtihani wa bodi na kupata cheti chako unaenda kujisajili, ukishasajiliwa unaomba leseni ya kufanya kazi, na leseni inahuishwa kila mwaka. Ni vitu viwili, usajili na leseni, watu wanachanganya, anakuja na cheti cha usajili cha zamani anadhani kinatosha. Hakitoshi. Ili leseni ihuishwe unahitaji pia kuonyesha umeendelea kujifunza, semina, warsha, mafunzo ya hospitalini, kwa hiyo kila semina ukihudhuria chukua cheti chake na ukiweke kwenye faili.

Uliyesoma nje unaleta vyeti, matokeo ya masomo yote, na uthibitisho kutoka baraza la nchi uliposajiliwa. Kenya wana baraza lao la OT kwa sheria ya 2017, kwa hiyo barua itoke huko.

Jiunge na chama cha OT cha Uganda pia. Hapo ndo unasikia nafasi za kazi, mafunzo, na unapata mtu wa kumpigia ukiwa peke yako wilayani na kuna mtoto mbele yako ambaye hujui uanzie wapi. Kwa huku kwetu OT ni wachache kiasi kwamba unaweza kuwa wewe tu hospitali nzima.

Hatua ya nne: kutafuta kazi

Serikalini, hospitali za taifa na za rufaa za mkoa wanaajiri kupitia Health Service Commission, hospitali za wilaya kupitia District Service Commission ya wilaya husika. Mwenye diploma anaanza sikeli ya U5, yaani daraja la mshahara. Tangazo likitaka PSC Form 3, fomu ya kuomba kazi ya serikali, utaijaza, utaambatanisha vyeti, leseni na kitambulisho, na fomu ijaze mwenyewe kwa mwandiko unaosomeka. Acha kumlipa mtu wa duka la stesheneri mjini akujazie, wanakosea miaka halafu unaonekana muongo.

Nje ya serikali kuna hospitali za misheni na za mashirika, CURE kule Mbale wanaopasua watoto wenye maji kichwani na mgongo wazi, hospitali ya Kumi, shule za mahitaji maalum, na mashirika yanayofanya kazi kambini. Hapo Kiswahili chako kinakuwa sifa, kiandike kwenye CV bila aibu. Nakivale au Kyangwali mama Mkongomani akihojiwa kupitia mkalimani, na mkalimani mwenyewe ni mtoto wake wa miaka kumi, hawezi kusema kwamba hawezi kujisafisha akienda haja. Kwako wewe atasema.

Sasa kazi yenyewe, hapa nitakaa

Kila mgonjwa unaanza na tathmini. Soma faili, msalimie, kaa chini usawa wake, muulize siku yake kuanzia alfajiri mpaka usiku. Halafu usiamini maneno peke yake, mwangalie akifanya. Mwambie avue shati na alivae tena. Mpe kikombe. Mwambie aende chooni na wewe ufuate mpaka mlangoni. Vipimo vipo: Barthel inapima kujitegemea kwenye mambo ya kila siku mpaka alama 100, GMFCS inapanga watoto wenye serebro palsi, ulemavu wa kujongea unaotokana na ubongo kuathirika utotoni, kwenye madaraja matano kulingana na wanavyojongea, na kuna PEDI-UG, kipimo cha watoto ambacho kilirekebishwa kwa maisha ya Uganda, kiangalieni hicho kwa sababu vipimo vingi vya nje vinauliza vitu ambavyo mtoto wetu hajawahi kuviona nyumbani.

Halafu panga lengo na mgonjwa, moja au mawili, ya kweli. "Kuboresha mkono" usiandike. Andika "mama atamenya matooke (ndizi za kupika) ya familia akiwa amekaa, kwa mkono mmoja, ndani ya wiki sita". Kwa lengo kama hilo hata mume wake anajua kama mmefika au bado. Na njia ipo: unachukua ubao, unapigilia misumari miwili itokeze juu, safi isiyo na kutu, tooke linachomekwa pale linatulia, mkono mzima unamenya. Chini ya ubao unabandika kipande cha tyubu ya baiskeli usiteleze. Kijiko kinachoponyoka unakinenepesha mpini kwa kuzungushia tyubu hiyo hiyo. Nguo, mfundishe aanze kuvaa upande ulio dhaifu, akivua aanze na upande wenye nguvu. Na wafundishe familia nzima, mgonjwa wa stroki hainuliwi kwa kuvutwa mkono uliolala, bega linatoka mahali pake na maumivu yake hayaishi leo.

Mikono iliyoungua utaiona sana, uji wa moto, mafuta, sigiri iliyopinduka. Mtoto anakunja mkono kwa sababu ukiwa umekunjwa hauumi, na mkao huo usiouma ndo unaokuja kumkausha akiwa hivyo. OT anatakiwa aitwe mapema, siku za mwanzo kabisa, atengeneze splinti inayoshika kifundo cha mkono kimeinuka kidogo nyuzi 20 mpaka 30, viungo vya mwanzo wa vidole, pale vinapoungana na kiganja, vimekunjwa kama nyuzi 70 mpaka 90, vidole vyenyewe vimenyooka, dole gumba limetengwa pembeni. Kama plastiki ya splinti ipo unailainisha kwenye maji ya moto ya nyuzi 65 mpaka 75, unaipangusa, unaijaribu kwanza kwenye ngozi yako wewe, ndo unaiweka kwa mgonjwa. Haipo? Na mara nyingi haipo kweli. Tumia plasta ya POP, weka pamba, kunja kingo zisikate, mwelekeze mama aangalie wekundu usioisha na vidole kubadilika rangi, akiona hivyo aitoe na aje.

Sasa watoto. Utafiti uliofanyika Iganga na Mayuge na kutolewa 2017 ulikuta karibu watoto 3 kwa kila 1000 wana serebro palsi, na wengi wao utawakuta wamelala mkekani kutwa, wanalishwa wakiwa chali. Hapa ndo pa kuanzia, kabla ya mazoezi yoyote: mtoto akae wima, kichwa kiwe kimeelekea mbele kidogo, kijiko kije kutoka mbele usawa wa mdomo. Kumlisha akiwa amelala kichwa kimeenda nyuma chakula kinaingia mapafuni, na watoto wanakufa kwa hilo.

Ili akae anahitaji kiti, na kiti kinaweza kutengenezwa kwa makaratasi. Unakusanya maboksi ya duka, unayafungua yawe bapa, unapika gundi ya unga kama uji mzito, unapaka na kubandika tabaka juu ya tabaka, unaweka mawe juu yakandamizwe, unaanika juani mpaka yawe magumu kama mbao. Kabla hujakata, mpime mtoto: upana wa makalio, urefu kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti halafu unatoa sentimita 3 mpaka 6 ili ukingo usimkate, goti mpaka kisigino, na usawa wa kiwiko kwa ajili ya meza. Nyonga nyuzi 90, goti nyuzi 90, nyayo zimekanyaga kitu. Ukishaunganisha unafunika kingo zote kwa vipande vya karatasi na gundi, unaanika tena, mwisho unapaka vanishi ili mkojo na uji visiingie. Kikiwa kibichi ndani kitaoza, kwa hiyo msimu wa mvua usiharakishe. Mzazi akitengeneza na wewe atajua kukikarabati, ukimpa tu kitaishia kuwekewa nguo.

Viti vya magurudumu vina utaratibu wake, WHO walitoa mwongozo 2008 wenye hatua nane kuanzia rufaa mpaka matengenezo, na kuna kozi zake, zitafute. Kubwa ni kwamba kiti cha msaada kisichopimwa kinaweza kumuua mtu mwenye mgongo uliovunjika kwa vidonda. Mgonjwa wa namna hiyo, na boda boda zinatuletea wengi, unamfundisha kujiinua au kuinama mbele mara kwa mara akiwa amekaa, kugeuzwa kila masaa mawili akiwa kitandani, na kujikagua ngozi kila jioni kwa kioo.

Magonjwa ya akili yanasahaulika na ndiko hii fani ilikozaliwa. Mtu anatoka kwenye dawa na sindano, siku yake haina umbo, analala mpaka saa tano asubuhi, haogi. Unamjengea ratiba kidogo kidogo, bustani, kupika kwa zamu, kuhesabu hela ndogo, kurudi kazini kwa nusu siku. Familia waeleze kwamba kumfanyia kila kitu kunamrudisha nyuma.

Tembelea nyumbani ukiweza. Nenda na VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, mjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, halafu pima mlango, hesabu ngazi, angalia choo. Choo cha shimo kwa asiyeweza kuchuchumaa kinahitaji kiti chenye tundu, fundi wa kijiji anakitengeneza kwa mbao, na mti wa kushika pembeni unapigiliwa siku hiyo hiyo.

Andika kila kitu siku hiyo hiyo: tarehe, ulichoona, ulichofanya, mtakachofanya, jina lako na sahihi. Omba ruhusa kabla ya kumgusa mtu. Mtoto usibaki naye peke yako mlango umefungwa. Picha za wagonjwa zisiende WhatsApp, hata kama umeziba macho. Ripoti ya mwezi, maombi ya vifaa kwa stoo, kusimamia wanafunzi, vyote ni kazi yako pia na vinachukua muda kuliko unavyodhani.

Ukitaka kufungua kliniki yako

Hiyo ni leseni nyingine, ya kituo, baraza hilo hilo ndo linatoa na wanakagua mahali penyewe. Pata uzoefu kwanza chini ya mtu. Chumba cha chini kisicho na ngazi, maji ya kunawa, pazia, mkeka unaofutika, na bei iandikwe wazi ukutani. Leseni zote mbili zibandike mahali mgonjwa anaziona akiingia, orijino za vyeti vyako zibaki nyumbani kwenye bahasha ya plastiki, na kila ofisi inayoomba vyeti ipe nakala zilizothibitishwa tu.